Nimeambiwa kucha zangu zimekula nguo

"Nina umri wa miaka 34 na kazi yangu inanikutanisha na wateja kila siku. Mwezi uliopita nilishonesha suti ya rangi ya mchanga kwa ajili ya hafla ya kutunukiwa vyeti kazini, na siku moja kabla yake nikaenda saluni kuwekewa kucha ndefu za jeli, za kijani cha zumaridi, zifanane na kitambaa changu cha shingoni, pamoja na vijiwe kwenye vidole viwili. Nilijiona nimependeza. Picha zilipokuja, kila niliyemwonyesha alianza na kucha, na rafiki yangu wa karibu akaniambia, 'Kucha zimekula nguo.' Nilizibandua mwenyewe nyumbani, na sasa kucha zangu za asili zimekuwa laini kama karatasi, na ngozi inayozizunguka inawasha. Nina hafla nyingine baada ya wiki sita, na nitavaa suti ileile. Je, ni kweli kwamba kucha zinaweza kuharibu vazi? Ni lazima rangi ya kucha ifanane na ya nguo? Na nikikata kucha fupi na kupaka rangi ya kawaida, sitaonekana mtu asiyejijali?"

Dada yangu, umeniuliza maswali matatu na kutaja lalamiko moja. Nitaanza na lile lalamiko, ingawa umelipitia kwa nusu sentensi tu, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Ngozi inayowasha kuzunguka kucha baada ya jeli si jambo la kuvumilia hadi lipite lenyewe, na hadi itakapotulia kabisa usiweke juu yake jeli, akriliki wala gundi ya kucha za kubandika. Nitalirudia huko mbele kwa kirefu. Kwa sasa nataka ujue kwamba ushauri wote wa mitindo nitakaokupa hapa nimeupima kwa sharti hilo, na kwamba sharti lenyewe halikunyimi kupendeza.

Tuje kwenye swali la kwanza. Ndiyo, kucha zinaweza kubadili jinsi vazi zima linavyoonekana, lakini neno "kuharibu" ni kali kupita kiasi. Suti yako haikuharibika, ilikosa tu nafasi ya kutazamwa. Ukucha mmoja wa kawaida una eneo la takribani sentimita moja ya mraba, kwa hiyo hata ukizipanga zote kumi pamoja hazijazi uso wa kiberiti, ilhali koti na suruali vimemeza mita kadhaa za kitambaa. Kama jicho lingekuwa linapima kwa ukubwa, kucha zisingekuwa na la kusema mbele ya suti. Jicho, hata hivyo, hukimbilia palipo na tofauti kali ya rangi au ya mwanga na giza, kwenye kinachosogea, na kwenye kinachometameta. Rangi ya mchanga ni tulivu, kitambaa cha suti hakimeti, na koti lililoshonwa vizuri hukaa mwilini bila kucheza. Kucha zako zilikuwa na vyote vitatu: zumaridi juu ya ngozi, mng'ao wa jeli ukiongezewa vijiwe, na mikono ambayo, kama ya mtu yeyote anayezungumza, haikutulia.

Mwaka 1933 mwanasaikolojia wa Ujerumani aitwaye Hedwig von Restorff aliandika kuhusu jambo hili kwa upande wa kumbukumbu: katika orodha ya vitu vinavyofanana, kile kimoja kilichotofautiana na wenzake ndicho kinachokumbukwa. Vazi lako lote lilikuwa sauti ya chini, na kucha peke yake ndizo zilizopaza sauti. Ungevaa kucha zilezile na gauni lenye maua makubwa ya kijani na dhahabu, pamoja na hereni nzito, huenda hakuna ambaye angeanza na kucha, maana zisingekuwa za pekee. Kwa hiyo ukisikia fundi wa kucha au rafiki akisema kwamba kucha fulani "ni za kupita kiasi", muulize zimepita kiasi cha nini. Kucha haziwi nyingi wala chache zenyewe, huwa hivyo kulingana na kile kilichovaliwa nazo.

Halafu kuna zile picha. Sijaziona, lakini nimeona nyingi za aina yake na nadhani naweza kuzieleza. Mtu anayetunukiwa cheti hukishika kwa mikono miwili, kifuani, chini kidogo ya uso. Vidole gumba vinakuja mbele ya karatasi, na vidole vingine vinne vya kila mkono ama vinajipinda nyuma yake ama vinalala pembeni. Karatasi ya cheti ni nyeupe. Katika picha hiyo kucha zako hazikuwa juu ya suti ya rangi ya mchanga hata kidogo. Zilikuwa juu ya mandhari nyeupe, katikati kabisa ya fremu, zikipigwa na mwanga wa kamera. Wewe ulizichagua ukizilinganisha na kitambaa cha shingoni, picha ikazilinganisha na karatasi. Hilo si kosa la ladha yako. Watu wengi huchagua kucha wakiwa wameinyoosha mikono juu ya meza ya saluni, mahali ambapo hakuna nguo, hakuna uso na hakuna tendo lolote ambalo mikono itakuwa ikilifanya siku yenyewe.

Swali la pili, la kufanana, linahitaji kurudi nyuma kidogo, kwa kuwa kanuni uliyoifuata ina historia, na historia yenyewe ni ya kibiashara zaidi kuliko ya kimitindo. Kampuni ya Revlon ilianzishwa Marekani mwaka 1932 na Charles Revson, kaka yake Joseph, na mwanakemia Charles Lachman, ikiuza rangi za kucha nzito zisizoonyesha chini. Ilipoanza kuuza rangi za mdomo pia, ilitangaza kwa nguvu kwamba midomo na ncha za vidole zinapaswa kufanana. Tangazo hilo lilikuwa la akili sana, maana anayeamini kanuni hiyo hununua vitu viwili kila anapotaka kimoja. Wazo hilohilo la kufanana tunalikuta pia kwenye viatu, mkoba na gauni, na wengi wetu tulilirithi bila kuuliza lilikotoka.

Ugumu wake ni kwamba kucha hudumu na nguo hubadilishwa. Jeli ikiwekwa vizuri hukaa wiki mbili hadi tatu, ilhali kitambaa chako cha shingoni kilikaa saa chache. Waliokutana na tatizo hili kabla yetu ni waigizaji wa filamu, ambao kwa siku moja hubadilisha mavazi mara kadhaa na hawawezi kukaa wakisubiri rangi ikauke kila mara. Mtindo wa ukucha wa waridi hafifu wenye ncha nyeupe, ule ambao saluni nyingi huuita "frenchi", kwa kawaida huhusishwa na Jeff Pink, mwanzilishi wa kampuni ya ORLY ya Los Angeles, ambaye katikati ya miaka ya 1970 alitafuta kucha moja itakayokwenda na kila vazi la waigizaji. Jina ni la Kifaransa lakini shida iliyouzaa ilikuwa ya Hollywood, na ndiyo shida yako wewe: mikono ni ileile, mavazi ni mengi.

Hata pale unapotaka kufananisha kwa makusudi, macho yenyewe hayakusaidii. Michel Eugène Chevreul, mwanakemia aliyesimamia idara ya upakaji rangi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins huko Paris, alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu. Alipozichunguza akakuta rangi haina dosari. Weusi ulififia kwa sababu ya rangi za bluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima kuhusu jinsi rangi mbili zilizo jirani zinavyobadilishana sura machoni mwa mtazamaji. Zumaridi iliyozungukwa na ngozi ya kidole na zumaridi iliyozungukwa na kola ya rangi ya mchanga ni rangi mbili tofauti kwa jicho, hata kama zimetoka kwenye kopo moja. Ongeza kwamba jeli inarudisha mwanga kama kioo na kitambaa kinaunywa, na kwamba rangi mbili zilizofanana chini ya taa ya saluni zinaweza kuachana kabisa zikitoka nje kwenye jua. Matokeo yake ni kitu kilichokaribia kufanana bila kufika, nacho huonekana kama kosa, wakati tofauti iliyo wazi huonekana kama uamuzi.

Kwa hiyo, usifuate kufanana. Angalia kwanza uzito. Kila vazi lina kiwango chake cha kelele, kinachotokana na rangi, michoro, mng'ao na ukali wa mistari, na kucha zinapaswa kukaa karibu na kiwango hicho, au zipishane nacho kwa makusudi na kwa kitu kimoja tu. Suti tulivu inaweza kubeba rangi kali kwenye kucha fupi zisizo na mapambo. Inaweza kubeba kucha ndefu zenye rangi ya utulivu. Kinachoilemea ni urefu, rangi kali, mng'ao na vijiwe vikija kwa pamoja, maana hapo umeweka vitu vinne vinavyodai jicho mahali ambapo vazi lenyewe halidai chochote. Ukitaka kijani kirudi, kikirudi kikiwa cheusi kama cha chupa ya zamani, kwenye ukucha mfupi, utashangaa kuona suti inakikubali. Mimi binafsi ningekichagua hicho kuliko rangi ya ngozi, lakini nakiri kwamba nina udhaifu kwa rangi za giza.

Hapa kuna jambo la haki ambalo sipendi kulipita kimya. Sehemu ya yale watu wanayoyasoma kwenye kucha haitoki machoni, inatoka kwenye mazoea waliyofundishwa kuhusu tabaka, umri, kazi na hata rangi ya ngozi ya mwenye kucha hizo. Mwanariadha wa Marekani Florence Griffith Joyner alikimbia katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 akiwa na kucha ndefu zilizopakwa rangi, akaondoka na medali tatu za dhahabu na moja ya fedha, na bado kucha zake zilizungumzwa kana kwamba ni habari inayojitegemea. Kwake zilikuwa sehemu ya sura nzima aliyoijenga, pamoja na yale mavazi ya mbio yenye mguu mmoja yaliyomtambulisha mwaka huohuo. Hakuna aliyeweza kusema kucha zimekula nguo, kwa sababu nguo nazo zilikuwa na meno. Ukipenda kucha kubwa, una haki nazo, na jibu halali kabisa kwa rafiki yako lingekuwa kubadilisha suti na kuacha kucha. Nakueleza yanayotokea machoni mwa watu ili uchague ukijua, wala sisemi kwamba macho ya watu ndiyo hakimu.

Swali lako la tatu ndilo lililonigusa zaidi, kwa kuwa limebeba hofu ambayo naisikia karibu kila wiki: kwamba ukucha mfupi ni ukucha wa mtu aliyekata tamaa. Mtazamaji hasomi urefu kama dalili ya kujijali. Anachosoma ni hali. Anaona kama kucha zote zimelingana, kama kingo ni laini au zimemegekamegeka kama za aliyezing'ata, kama rangi imefika pembeni sawasawa, kama ngozi ya shina imechanika. Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alionyesha mwaka 1920, akitumia tathmini ambazo maofisa wa jeshi waliwapa walio chini yao, kwamba maoni yetu kuhusu sifa moja ya mtu humwagikia sifa zake nyingine bila sisi kujua. Katika mavazi kitu hicho hutokea kwa kasi ya ajabu. Niliwahi kumhudumia mama mmoja aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama kama karatasi, na kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia rangi nyekundu ilikuwa imebanduka kipande kisichozidi punje ya mchele. Nilipolitazama tena lile shati nikaanza kutafuta doa. Halikuwapo. Tulifuta rangi yote, tukapiga msasa kingo, tukapaka mafuta, na shati likarudi kuwa jeupe.

Ndiyo maana husema kwamba kucha tupu zilizotunzwa zinaishinda rangi nzuri iliyobanduka. Kuna hesabu hapa pia. Ukucha wa mkono hukua takribani milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo baada ya wiki mbili pengo la milimita moja na nusu limeshafunguka kwenye shina. Rangi ikiwa kali, pengo hilo linaonekana toka upande wa pili wa meza. Ikiwa hafifu na inayopitisha mwanga, halionekani mpaka mtu akushike mkono. Mtu ambaye ratiba yake haimruhusu kurudi saluni kila wiki mbili anapata heshima zaidi kwa rangi hafifu kuliko kwa rangi yoyote ya kuvutia, na hilo halina uhusiano na ladha, ni suala la muda wake.

Urefu una athari nyingine isiyotajwa sana, nayo haipo kwenye ukucha bali kwenye mwendo wa mkono. Mtazame mtu asiyezoea kucha ndefu akifunga kifungo cha koti: vidole vinanyooka, anakishika kwa nyama ya kidole badala ya ncha, viwiko vinatoka nje, anainamisha kichwa kuangalia. Mtazame akiokota sarafu au kadi iliyolala mezani. Yule aliyezoea amejifunza kutumia pembeni mwa kidole na hufanya yote hayo kwa madaha. Asiyezoea anaonekana kama aliyevaa glavu za mtu mwingine, na wasiwasi huo unahamia kwenye vazi zima. Umesema kazi yako ni ya kukutana na wateja, na kucha ziliwekwa siku moja kabla ya hafla. Nina hakika nusu ya kile rafiki yako alichokiona kilikuwa mikono ambayo bado haijajua pa kukaa. Atakayetaka kucha ndefu kwa siku muhimu ni vyema akae nazo wiki moja kabla.

Kuhusu umbo nitakuwa mfupi. Ncha iliyochongoka kidogo kama mlozi hurefusha kidole machoni, ncha ya mraba hukipanua, na kwa kucha fupi mwongozo salama ni kuifanya ncha ifuate mviringo wa shina la ukucha wenyewe, ikipita ncha ya kidole kwa milimita moja au mbili tu. Wanaofanya kazi ya kuhudumia wagonjwa hawana uhuru huo wote: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa usafi wa mikono wa mwaka 2009, linawataka wasivae kucha za bandia na waweke za asili chini ya nusu sentimita.

Rangi ya utulivu yenyewe inastahili neno, maana watu wengi huuziwa kopo lililoandikwa "rangi ya ngozi" bila kuambiwa ni ngozi ya nani. Utulivu maana yake ni kupunguza tofauti kati ya ukucha na kidole. Kwa ngozi ya maji ya kunde au nyeusi, yale makopo ya krimu ya waridi yaliyojaa weupe hufanya kinyume chake: ukucha unatokeza kama chaki, na wakati mwingine kidole kizima kinaonekana kimepauka. Tafuta hudhurungi yenye wekundu ndani yake, au ya karameli, kivuli kimoja juu au chini ya ngozi yako, au rangi inayopitisha mwanga kiasi kwamba uwaridi wa ukucha wenyewe unaonekana. Kwa ngozi nyeupe sana, ni rangi za giza ndizo zinazopiga kelele, na ile krimu inakuwa tulivu. Ijaribu kwenye ukucha mmoja, usiijaribu kwenye karatasi, halafu usogee dirishani. Kwa suti ya rangi ya mchanga kuna mtego mmoja: usichague rangi ya kucha inayofanana na suti yenyewe, kwa sababu ngozi ya mkono itabaki katikati ya rangi mbili zinazolingana na mikono itaonekana kama imekatwa kwenye kifundo.

Sasa turudi kwenye kucha zako zilivyo leo. Watakuambia ziliharibika kwa sababu "hazikupumua". Kucha hazipumui; ukucha unaoonekana ni tabaka za seli zilizokwisha kufa, zilizojaa protini ngumu iitwayo keratini, na chakula chake kinaletwa na damu kwenye shina, chini ya ngozi. Kilichozifanya laini ni kubandua. Jeli inapong'olewa kwa nguvu huondoka na tabaka za juu za ukucha, na kupiga msasa sana kabla ya kuiweka nako hupunguza unene. Njia sahihi ni kuilowesha kwa asetoni dakika kumi hadi kumi na tano na kuisukuma taratibu, na isipotoka kuilowesha tena. Sehemu iliyokwisha konda haitibiki kwa mafuta wala kwa vidonge, inasubiriwa ikue na kukatwa. Katika wiki sita utapata ukucha mpya wa milimita nne hadi tano, wakati ukucha mzima huchukua miezi minne hadi sita kujirudia. Kwa hiyo siku ya hafla sehemu ya mbele bado itakuwa dhaifu, na ukiikata fupi unaondoa kipande kile kile ambacho kingevunjika.

Kuwasha ni habari nyingine. Jeli ambayo haijakaushwa vyema chini ya taa ya mwanga wa urujuanimno, au iliyomwagikia ngozi, huacha kemikali za jamii ya akrilati zikigusa ngozi, na mwili wa baadhi ya watu huanza kuzikataa. Ukishapata mzio huo kwa kawaida hauondoki, na akrilati hizohizo zimo kwenye baadhi ya vifaa vya madaktari wa meno, kwenye saruji ya mifupa inayotumika katika upasuaji, na kwenye gundi za baadhi ya vifaa vya kupimia sukari mwilini. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "jaribu jeli ya kampuni nyingine". Kopo lililoandikwa kwamba halina HEMA, yaani akrilati inayosumbua wengi, linaweza kuwa na akrilati nyingine. Gundi ya kucha za kubandika ina ndugu wa kemikali hizo, kwa hiyo nayo iache. Rangi ya kawaida inayokauka kwa hewa ina hatari ndogo zaidi, ingawa si sifuri, na hata hiyo usiipake mpaka ngozi imetulia.

Nenda kwa daktari wa ngozi kama muwasho haujaisha ndani ya wiki mbili, au mapema zaidi ukiona malengelenge, kope zikivimba (mikono hugusa macho kuliko tunavyodhani), ukucha ukiachana na nyama yake, rangi ya kijani ikijitokeza chini ya ukucha, au usaha na maumivu pembeni. Anaweza kukubandika viambato mbalimbali mgongoni na kuvisoma baada ya siku chache, na hapo utajua kwa hakika unachokataliwa badala ya kubahatisha. Na ukikuta mstari mweusi mpya kwenye ukucha mmoja tu, hasa unaopanuka, usiufunike kwa rangi hata siku moja kabla hajauona, kwani mara chache huwa ni saratani ya ngozi. Mambo haya hayaamuliwi kwa kuandikiana, wala fundi wako wa kucha, hata awe hodari namna gani, hana vipimo vyake.

Kwa hafla yenyewe, basi, una njia mbili za kweli. Ngozi ikiwa imetulia, kata fupi, linganisha zote kumi, na upake rangi ya kawaida siku moja kabla, ama ile hudhurungi yenye wekundu ama kile kijani cha chupa kama una muda wa kuirekebisha asubuhi ikibanduka. Ngozi ikiwa bado inalalamika, nenda na kucha tupu zilizopigwa msasa na kupakwa mafuta, na uiache kazi ya rangi kwa kitambaa cha shingoni, ambacho kwa maelezo yako kinaiweza peke yake. Chochote utakachochagua, kijaribu ukiwa umevaa koti: simama karibu na dirisha, shika karatasi nyeupe kifuani kwa mikono miwili, mtu akupige picha kwa simu akiwa hatua tatu mbele yako, kisha uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kama jicho lako linatua kwanza kwenye vidole, punguza kitu kimoja, upige tena.